Mshipa wa Moyo Unapobana Tena: Utangulizi

Huenda wewe ni muuguzi wa Malindi, afisa wa kliniki Gongoni au mwanafunzi wa udaktari Kilifi, na hujawahi kukanyaga chumba cha kupigia picha mishipa ya moyo. Chumba hicho kiko mbali nawe, lakini kubana tena kwa mshipa uliokwisha kupanuliwa hugunduliwa kwanza hapo ulipo, kupitia mgonjwa aliyemleta mjukuu kwa homa kisha akataja, akiwa mlangoni, kwamba kifua kimeanza tena.

Mnamo Septemba 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipanua mshipa wa moyo kwa puto dogo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa mgonjwa aliye macho. Furaha ilikuwa kubwa, ila baada ya miezi michache mishipa 3 hadi 5 katika kila 10 ilikuwa imebana tena. Stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kilichoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1986, iliuzuia mshipa usijikunje, lakini kidonda kilichoachwa ndani yake hujiponya kwa kuotesha seli, na seli zikizidi huujaza wavu. Mgonjwa anaumwa kwa sababu amepona kupita kiasi! Stenti zinazotoa dawa zimepunguza tatizo hadi chini ya 1 katika 10. Halijaisha: miaka ikipita, mafuta huweza kujijenga ndani ya nyama hiyo mpya.

Sasa mchukue mgema wa Kilifi mwenye stenti. Miezi 6 imepita, na mnazi aliokuwa akiukwea bila shida sasa unamkata pumzi katikati. Muulize: maumivu haya ni yaleyale ya kabla ya stenti? Wengi huyatambua mara moja. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu yoyote, achoke tu na kuhema, kwa hiyo muulize kazi gani ya mwezi uliopita imemshinda mwezi huu. Ninaliamini swali hili kuliko kipimo cha umeme wa moyo kinachofanywa mgonjwa akiwa amelala, maana kipimo hicho chaweza kuwa safi kabisa ilhali mshipa umebana.

Kubana huku kwa kawaida huja polepole. Maumivu yakilipuka ghafla, au yakija mgonjwa akiwa amepumzika, fikiria damu iliyoganda ndani ya stenti, hasa kama ameacha vidonge vyake vya kuzuia damu kuganda. Hiyo ni dharura: kipimo cha umeme wa moyo, troponini, aspirini na gari la kwenda Mombasa, bila kungoja kesho.

Omba pia karatasi aliyopewa hospitalini: aina ya stenti, upana, urefu, tarehe. Mara nyingi imebaki kwa mwanawe Mombasa. Itafute, uinakili kwenye faili, kwa sababu picha ya CT haioni vizuri ndani ya stenti yenye upana chini ya milimita 3, na daktari atakayempokea mgonjwa atachagua kipimo kwa kutazama namba hizo.

Katika hospitali atakakopelekwa, rangi hudungwa mshipani na picha hupigwa. Mshipa uliobana kwa asilimia 50 au zaidi ndani ya stenti, au katika milimita 5 kutoka ukingoni mwake, huhesabiwa kuwa umebana tena. Ila picha yaweza kudanganya. Shinikizo la damu baada ya sehemu iliyobana likigawanywa kwa lile la kabla yake na jibu likawa 0.80 au chini, moyo kweli unanyimwa damu. Kisha sauti au mwanga unaopitishwa ndani ya mshipa huonyesha sababu: stenti haikupanuka vyema, au nyama imeota? Tiba zake hazifanani.

Kilifi inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria, kazi ya subira ya kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza 1989. Mioyo ya wazee wa pwani hii inastahili subira ileile. Sura ya kwanza inaanza na mishipa yenyewe: inakotokea, inakopita, na sehemu ya moyo inayolishwa na kila mmoja.