Kosa la Wanafunzi na Malipo Yake

Leo twapenda kueleza maana ya adhabu ya shule, na mfano wetu watoka Tanzania.

Mwaka 1966 serikali iliagiza kwamba wahitimu wa masomo ya juu walitumikie taifa karibu miaka miwili: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi, wamevaa majoho, waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, kukataa. Wengine walichukua mabango yaliyosifu siku za ukoloni. Rais Julius Nyerere akawafukuza karibu 400, warudi makwao. Lakini neno lao juu ya mishahara ya wakubwa alilisikia: akapunguza mishahara hiyo, na wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1967 wengi wao walipokelewa tena chuoni.

Basi tufahamu haya. Kutoa shauri si kosa. Kosa ni kukataa wajibu, hali masomo yako yalilipiwa na jasho la wakulima. Na katika lugha yetu, kumrudi mtoto ni kumtengeneza, wala si kumtupa. Adhabu ya haki humwachia mkosaji njia ya kurejea.