Sungura wa Kalifornia: masikio meusi hayatoshi kuonyesha rasi



Sungura mweupe mwenye pua nyeusi, masikio meusi, miguu na mkia mweusi anapendeza macho, na wauzaji wanajua hivyo. Wanasema: «Huyu ni Kalifornia, rasi safi», na bei inapanda. Koperative inatoa makuta ya wanamemba, inanunua dume na majike. Wanapozaa, kati ya vitoto vinaonekana vingine vyeupe kabisa, bila alama hata moja. Hapo maneno yanaanza. Huyu anamshitaki muuzaji, yule anasema mwenye zamu ya kulisha aliingiza dume lingine kwenye klapie. Kabla ya kugombana, tuelewe kwanza ile rangi inatoka wapi.

Kalifornia ni sungura gani?

Rasi hii ilitengenezwa Marekani, kwenye jimbo la Kalifornia. Mfugaji George West alianza kazi hiyo mwaka 1923. Alichanganya sungura wa Himalaya, ambaye ni mdogo na mwenye alama nyeusi, na Chinchila wa rangi ya majivu. Kisha akaingiza Nyuzilandi mweupe, ambaye ni mkubwa na mwenye nyama mingi. Alitafuta sungura wa nyama mwenye manyoya mazuri. Mkubwa wa rasi hii anafika kilo 4 na zaidi kidogo. Alama nyeusi ni urithi wa Himalaya. Unene haukutoka kwenye alama zile.

Rangi nyeusi inafuata baridi

Juu ya nini pua na masikio ni meusi na mgongo ni mweupe? Ndani ya mwili kuna enzimu, yaani kitu kinachofanya kazi ya kutengeneza rangi ya manyoya. Kwa Kalifornia, enzimu hii ni dhaifu, haivumilii joto. Mwili wa sungura una joto la karibu digrii 39. Mgongoni na tumboni joto ni mingi, kwa hiyo enzimu haifanyi kazi na manyoya yanabaki meupe. Puani, masikioni, miguuni na mkiani mwili ni baridi zaidi, na pale enzimu inafanya kazi, manyoya yanakuwa meusi. Paka wa rasi ya Siam, wenye uso na masikio ya rangi nzito, wanapata rangi yao kwa njia hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo, mfugaji ajue mambo matatu:

1. Kitoto cha Kalifornia kinaota kwanza manyoya meupe, sababu kinatoka kwenye joto la tumbo la mama. Alama zinakuja polepole na zinaendelea kuiva. Tusihukumu kitoto mbele ya wiki ya 8.

2. Tuchukue ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja akikulia Lubero kwenye baridi, na mwingine Uvira kwenye joto, yule wa Lubero anaweza kuwa na alama nyeusi zaidi. Jeni ni zilezile, hali ya hewa ndiyo tofauti.

3. Kitoto kikipata rangi ya majivu mgongoni, mara nyingi ni alama ya kwamba kisanduku cha kuzalia kilikuwa na baridi. Rangi ile itatoka manyoya yakibadilika. Kazi yetu ni kuongeza majani makavu na kuziba upepo, si kuua kitoto.

Kila sungura anabeba jeni mbili

Jeni ni ile mbegu ndogo ya ndani inayoamua rangi. Kila kitoto kinapokea moja kwa baba na moja kwa mama. Hapa tunaangalia namna mbili tu: jeni ya alama na jeni ya weupe. Kalifornia safi anabeba jeni mbili za alama. Nyuzilandi mweupe mwenye macho mekundu anabeba mbili za weupe. Zikikutana, jeni ya alama inashinda na jeni ya weupe inajificha.

Twende na maharagi, kila mtu ataelewa. Haragi jeusi ni jeni ya alama, haragi jeupe ni jeni ya weupe. Ukizalisha Kalifornia safi na Nyuzilandi mweupe, kila kitoto kinapata jeusi moja na jeupe moja. Wote watakuwa na alama nyeusi. Pengine alama zitapauka kidogo, lakini tumeona kwamba hata joto linapausha alama. Macho pia hayasaidii: rasi zote mbili zina macho mekundu. Kwa hiyo, ukimtazama sokoni, huwezi kumtofautisha na Kalifornia safi.

Sasa weka jeusi moja na jeupe moja kwenye kikombe cha baba, na vilevile kwenye kikombe cha mama. Chomoa moja kila upande bila kuangalia, halafu rudisha, na urudie. Kuna njia nne: jeusi na jeusi, jeusi na jeupe, jeupe na jeusi, jeupe na jeupe. Ile ya mwisho inazaa kitoto cheupe kabisa. Ndiyo kusema, kwa wastani kitoto kimoja kati ya vinne. Ni sawa na mahindi ya hibridi: msimu wa kwanza yanalingana yote, lakini ukirudisha mbegu shambani yanatoka ya kila namna.

Basi, kitoto cheupe hakionyeshi kwamba mtu alibadilisha dume usiku. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni ya weupe iliyojificha, watazaa weupe, hata kama wao wenyewe wana masikio meusi ti.

Namna ya kupima dume

Mpe dume jike mweupe kabisa, mwenye macho mekundu. Mimba ni siku 31 hivi. Ngojea vitoto vifike wiki ya 8, halafu hesabu. Kikitoka hata kimoja cheupe kabisa, dume anabeba jeni ya weupe, na jambo limekwisha. Vikitoka 8 na vyote vina alama, tunaweza kumwamini: dume mwenye jeni iliyojificha angepata bahati hiyo mara 1 tu kati ya 256. Vikiwa 3 tu, haitoshi. Rudia na jike lingine. Vitoto vya kipimo hiki vyote vina jeni ya weupe, kwa hiyo tuvipeleke kwenye nyama, tusiviuze kama mbegu ya Kalifornia.

Lakini rangi haipimwi kwenye mizani

Mchanganyiko wa Kalifornia na Nyuzilandi si kitu cha aibu. Kwa nyama ni mzuri sana, na wafugaji wengi duniani wanautumia kwa makusudi. Kosa ni kuuuza kwa bei ya mbegu safi. Na kuna hatari kubwa zaidi: kuzalisha kaka na dada, au baba na binti, ili tu kushika alama nyeusi. Vizazi vikipita, vitoto vinapunguka, vinadhoofika na vinakufa ovyo, hata kama masikio yanabaki meusi.

Kwa hiyo tunashauri koperative ifanye hivi. Kila sungura wa kuzalisha apewe namba. Kwenye kahia tuandike tarehe, baba, mama, idadi ya vitoto vilivyozaliwa, vilivyofika kuachishwa maziwa, na kilo zao siku ile. Rangi iandikwe mwisho. Wakati wa kununua, komite iombe kuona kahia ya muuzaji na ndugu za sungura wa matumbo mbalimbali. Asiye na kahia, tumlipe bei ya sungura wa nyama, hata masikio yawe meusi namna gani.