Rauta ya siku ya umeme kukatika

Kilichoninasa ni betri. Rauta nyingi huzimika umeme unapokatika, hata kama mnara wa simu uko hai. BRCK, kifaa cheusi cha kubebeka kilichobuniwa Nairobi na watu wa shirika la teknolojia la Ushahidi, kilikuja na betri yake ndani, inayoshika chaji kwa muda wa saa nane. Waya wa intaneti ukifa, kinahamia chenyewe kwenye laini ya simu. Umeme ukienda, betri inapokea, na aliyeko kwenye kompyuta anaendelea na barua yake. Vifaa 20 vinaweza kujiunga kwa pamoja. Kukichaji si lazima soketi ya ukutani. Sola au betri ya gari inatosha.

Juliana Rotich, mmoja wa waanzilishi wa BRCK, alikinadi kwenye jukwaa la TED mwaka 2013 kama jenereta ya akiba ya intaneti. Aliuliza kwa nini tutegemee vifaa vilivyoundwa kwa ajili ya London na New York, ilhali hali yetu ya umeme na mtandao ni nyingine. Kwake, shida zetu ndizo kipimo: kinachohimili Afrika kitafanya kazi popote. Ni hoja ya mtu aliyewahi kuachwa gizani kazi ikiwa nusu.

Mwaka huohuo wateja waliulizwa, na wakajibu kwa fedha. Kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ziliombwa dola 125,000. Zikapatikana zaidi ya 172,000. Lakini waliojibu ni wenye kadi ya benki, wanaoweza kulipia leo kitu kitakachotengenezwa kesho.

Na watu wa Mlangali je, kule Tanzania, kwenye barabara ya Njombe kwenda Ludewa? Nadhani mwalimu na mwenye steshenari wa huko, wakiulizwa, wangeanza na antena ya nje, maana mlima ukikaa kati yako na mnara, mtandao haushiki. Wangetaka laini mbili za kampuni tofauti, moja ikisumbua nyingine ishike. Wangetaka kioo kidogo cha kuonyesha bando lililobaki, lisije likakata katikati ya kutuma matokeo ya wanafunzi.

Haya ni makisio yangu, na hapo ndipo penye tatizo: wenyewe hawajaulizwa. Nani atagharamia kuwauliza wateja wachache wa milimani? Na anayejua hasa anachohitaji, lakini hana fedha ya kuweka oda, jibu lake litaandikwa wapi?