Kalidasa, malenga aliyelituma wingu

Kila mwaka pepo za kusi huvuma kando ya pwani yetu, zikavuka Bahari ya Hindi na kufika India zimebeba mvua. Malenga mmoja wa huko aliyatazama mawingu ya msimu huo, akalikabidhi mojawapo ujumbe wa mapenzi. Jina lake ni Kalidasa, na utenzi wake unaitwa Meghaduta, yaani Wingu Mjumbe.

Kalidasa hakuandika habari zake mwenyewe. Wataalamu wengi humweka kati ya karne ya 4 na ya 5, enzi ya wafalme wa Gupta. Maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe huko Aihole, kusini mwa India, mwaka 634, yanamtaja kama mshairi aliyekwisha kuvuma. Kazi ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa zake ni tamthilia tatu na tungo nne, zikiwemo Raghuvamsha, inayosimulia ukoo wa mfalme Rama, na Kumarasambhava.

Katika Meghaduta, mtumishi wa Kubera, mungu wa mali, amezembea kazi na kufukuzwa mwaka mzima, mbali na mkewe. Miezi minane imepita. Mvua zinapokaribia, analiona wingu kileleni, naye analisihi limfikishie mkewe salamu. Analielekeza njia: mito ya kunywa, mji wa Ujjain usiofaa kupitwa, mpaka mlima Kailasa. Hapo ndipo jiografia inapogeuka kuwa upweke.

Bahari ya utungo huo inaitwa mandakranta, maana yake mwendo wa taratibu. Kila mshororo una mizani 17, iliyogawanywa 4, 6 na 7. Shairi letu la mizani 16 hukatwa nane kwa nane na kufungwa kwa vina. Kisanskriti, lugha ya Kalidasa, hakitegemei vina. Kinapima silabi nzito na nyepesi. Mshororo wa Meghaduta huanza na silabi nne nzito, zikafuata tano nyepesi mfululizo, mithili ya wingu lililotuama kisha likasukumwa na upepo.

Tamthilia yake kuu ni Shakuntala. Kisa alikitoa katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India, ambamo mfalme Dushyanta anamkana mkewe huku akimjua vyema. Kalidasa akaongeza laana na pete. Shakuntala, aliyezama katika kumuwaza mumewe, haisikii hodi ya mgeni, mtawa Durvasa. Mtawa anamlaani: umwazaye atakusahau, mpaka aone kitambulisho. Kitambulisho hicho ni pete ya mfalme, nayo inaangukia majini. Mvuvi anaikuta tumboni mwa samaki, na mfalme anapoiona, kumbukumbu inamrudia pamoja na majuto. Kwa badiliko hilo moja, uongo wa mfalme umekuwa usahaulifu, na kisa cha kudai haki ya mtoto kimekuwa kisa cha watu wawili wanaojifunza thamani ya walichopoteza. Jukwaani mfalme anasema Kisanskriti, ilhali Shakuntala na mvuvi wanasema Kiprakriti, lugha za watu wa kawaida. Hivyo kila tabaka linasikika kwa sauti yake.

Mwaka 1789 William Jones, jaji Mwingereza aliyeishi Kolkata, alichapisha tafsiri yake ya Shakuntala kwa Kiingereza. Tafsiri ya Kijerumani ya Georg Forster ilitoka mwaka 1791, na malenga Mjerumani Goethe akaisifu kwa ubeti.

Ubingwa wa Kalidasa umo katika kuifanya dunia nzima ishiriki huzuni ya mtu. Wingu linapokea siri, na mtoto wa paa anamvuta Shakuntala nguo asiondoke. Wewe unayetaka kumjua malenga huyu, anza na sehemu ya nne ya Shakuntala, pale binti anapoaga miti aliyoimwagilia kwa mikono yake. Kisha soma Meghaduta msimu wa kusi, ukiyatazama mawingu yanayoelekea kwao.