Chanjo kwa Mgonjwa wa Saratani: Nani Aseme?



Katika mazungumzo ya wiki hii nataka tulitazame jambo linalowatatiza watu wengi huku kwetu mpakani. Je, mgonjwa wa saratani apewe chanjo au asipewe? Na ikiwa yafaa apewe, ni daktari gani mwenye wajibu wa kumwambia?

Tuanze na safari ya mgonjwa mwenyewe. Mtu wa Tunduma akishukiwa kuwa na saratani, hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kama kilomita 100 hivi. Mara nyingi husonga mbele hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka mpakani. Huko hupata dawa au mionzi, kisha hurudi nyumbani kungojea zamu nyingine. Basi ana madaktari wawili: bingwa aliye mbali na tabibu aliye jirani. Bingwa hudhani mambo ya chanjo ni ya zahanati. Tabibu wa zahanati naye huogopa kumgusa mgonjwa wa bingwa. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha ni wawili, na kila mmoja amemwachia mwenzake usukani.

Hofu ya matabibu haikuzuka bure. Dawa za saratani hupunguza chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Nimewahi kumsikia tabibu mmoja akisema, "Mwili huo umechoka, kwa nini niuongezee mzigo?" Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake hutegemea aina ya chanjo.

Chanjo ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza hutengenezwa kwa vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Humo zimo chanjo za surua, homa ya manjano, kifua kikuu na matone ya polio. Mtu mzima wa afya huvimudu vijidudu hivyo. Mgonjwa aliye katika dawa za saratani huenda vikamshinda na kumletea ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo hazitolewi wakati wa matibabu, na kwa kawaida husubiriwa angalau miezi 3 baada ya dawa kwisha, au zaidi kwa dawa nyingine.

Namna ya pili ni chanjo zisizo na kijidudu hai: ya mafua makali ya sindano, ya nimonia, ya homa ya ini aina B na ya pepopunda. Hizi haziwezi kumletea mtu ugonjwa anaokingwa. Wakati mzuri ni wiki 2 au zaidi kabla ya kuanza dawa. Akichanjwa katikati ya matibabu, kinga yaweza kuwa haba, lakini kinga haba ni bora kuliko kukosa kabisa, maana nimonia humwua mgonjwa ambaye saratani ilikuwa bado haijamwua.

Homa ya ini aina B ina jambo lake. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo wengi wa watu wazima wa leo hawakuipata utotoni. Mtu aweza kuwa na virusi hivyo vimelala kimya, kisha dawa za saratani zikaviamsha vikaharibu ini. Ndiyo maana kupima damu kabla ya dawa ni jambo la lazima.

Hapa Tunduma lipo pia suala la kadi ya njano. Madereva wetu wa malori hupita Nakonde, wakaendelea hadi Lubumbashi, na Kongo hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Dereva aliye katika dawa za saratani asidungwe sindano hiyo kwa sababu tu ya kuogopa kuzuiliwa mpakani. Kanuni za Afya za Kimataifa zinamruhusu daktari kumwandikia cheti cha kueleza kwamba chanjo hiyo haimfai kiafya. Lakini cheti hicho hakimkingi na mbu; hata akikubaliwa kupita, yafaa amwulize daktari kama safari yenyewe ni ya busara.

Tukumbuke vilevile Julai 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa nchini. Wenye maradhi sugu walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa, na chanjo ya Janssen iliyoanza kutumika haikuwa na virusi viwezavyo kuzaana mwilini. Hapo ndipo neno la daktari lilipokuwa na uzito. Mgonjwa aliyesikia uvumi wa sokoni alihitaji mtu anayemwamini amwambie waziwazi: chanjwa, au ngoja hadi tarehe fulani.

Matabibu wengine hunyamaza kwa kuwa chanjo za mafua na nimonia kwa watu wazima hazimo katika ratiba ya kawaida, na rafu ya zahanati ni tupu. Mimi naona kunyamaza si dawa. Mgonjwa akiambiwa mapema, aweza kuiulizia akiwa Mbeya au Dar es Salaam.

Basi nawaomba mabingwa waandike katika karatasi ya kumrudisha mgonjwa: chanjo gani apewe, ipi asipewe, na lini. Tabibu wa jirani asipoona maandishi hayo, apige simu. Nawe mgonjwa, usione haya kuuliza: chanjo hii ina kijidudu hai? Wakati wangu umefika? Na watu wa nyumbani kwangu je? Maana hao nao wakichanjwa humjengea mgonjwa ukuta. Ila kabla ya mtoto kupewa matone ya polio, mwuguzi aambiwe kwamba nyumbani yupo mgonjwa wa namna hiyo.