Mtengeneza michezo ya video na mkulima wa tangawizi: Nani anajitegemea kweli?

Desemba, kama ilivyo desturi kwa Wapare wengi tunaofanya kazi mijini, nilipanda kwenda nyumbani Mamba, wilayani Same. Nilimkuta mpwa wangu amekaa barazani, simu mkononi, analima. Anapanda mbegu, anamwagilia, anavuna na kuuza, yote hayo kwa kidole.

Nikamwambia, jembe liko pale ukutani na wewe unalima kwenye simu? Akacheka. "Mjomba, shamba hili limetengenezwa na mtu mmoja tu. Hakuajiriwa na mtu, na sasa ni tajiri."

Pengine ningelipuuza jibu lile kama siku hiyo hiyo asubuhi nisingekuwa sokoni. Huko nilimwona jirani yetu akipakia tangawizi yake kwenye magunia ya lumbesa, yaliyoshonewa juu mpaka yakawa na kilemba. Mnunuzi ndiye aliyemkopesha fedha za mbegu na za vibarua, na ndiye aliyepanga bei na ukubwa wa gunia. Jirani huyo ana shamba lake na jembe lake, na hakuna bosi anayemwamsha asubuhi. Je, naye anajitegemea?

Ndugu msomaji, makala haya yanazungumzia watu wanaotengeneza michezo ya video bila kuajiriwa na makampuni makubwa. Huenda ukashangaa mada hii inatafuta nini katika kurasa za kilimo. Ukweli ni kwamba swali wanalobishania watu hao, yaani nani anastahili kuitwa huru, ndilo swali la mkulima mdogo na mfanyabiashara mdogo.

Aliyelima peke yake

Mchezo aliokuwa akiucheza mpwa wangu unaitwa Stardew Valley. Uliingia sokoni Februari 26, 2016. Mtengenezaji wake ni Eric Barone, Mmarekani ambaye baada ya kumaliza shahada ya kompyuta hakupata kazi aliyoitaka. Kwa zaidi ya miaka minne aliandika programu, akachora picha, akatunga muziki na kuandika maneno ya wahusika, kila kitu mwenyewe. Hadi mwisho wa mwaka 2024, nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimeuzwa duniani.

Hadithi yake husimuliwa kana kwamba siri ni kufanya kazi peke yako. Tukiitazama kwa jicho la uchumi, tunaona jambo jingine. Katika miaka ile Barone alikuwa akila. Alikuwa na kibarua cha kuonyesha watu viti katika ukumbi wa maonyesho mjini Seattle, na mwenzi wake alisaidia gharama za nyumba. Wakati wa kuutoa mchezo, kampuni ya Uingereza iitwayo Chucklefish ilimsaidia kazi ya kuuchapisha. Kwa hiyo hakuwa peke yake hata kidogo.

Jambo alilokuwa nalo ni kwamba mchezo ulibaki mali yake. Mwaka 2018 alipotangaza kwamba kazi ya uchapishaji ataichukua mwenyewe katika maeneo mengi ya mauzo, aliweza kufanya hivyo. Msaada aliupokea bila kuuza shamba.

Fedha ya kwanza ina mwenyewe

Ili kuelewa tofauti hiyo, tuangalie biashara hii inavyokwenda. Mtengenezaji asiye na mtaji humwendea mchapishaji. Mchapishaji humpa fedha za kuishi na kufanya kazi, hutangaza mchezo na kuupeleka sokoni. Fedha hizo huitwa malipo ya awali, lakini kwa kawaida si zawadi. Hukatwa kwanza katika mapato, ndipo mtengenezaji aanze kulipwa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mchezo unauzwa dola 15. Duka la mtandaoni linakata asilimia 30, yaani dola 4.50, na kubaki dola 10.50. Mkataba unasema kinachobaki kigawanywe nusu kwa nusu, hivyo kila upande una dola 5.25. Lakini mchapishaji alitoa malipo ya awali ya dola 50,000, na mkataba unasema zirudishwe kutoka katika fungu la mtengenezaji. Itabidi ziuzwe nakala zipatazo 9,524 kabla mtengenezaji hajaona hata senti moja, wakati mchapishaji anapokea fungu lake tangu nakala ya kwanza. Kama angekuwa amejigharamia mwenyewe, nakala hizo hizo zingempa takriban dola 100,000.

Hata hivyo, tusimwone mchapishaji kuwa ni mwizi. Michezo mingi haifikishi mauzo hayo, na hasara huwa ya aliyetoa fedha. Anayebeba hatari ana haki ya kupata faida. Tatizo linaanza pale mkataba unapompa pia hakimiliki, jina la mchezo na haki ya kuamua kama kutakuwa na toleo la pili. Hapo aliyekopeshwa mbegu amegeuka kibarua katika shamba alilolilima mwenyewe.

Mkulima wa Mamba haihitaji kuelezwa zaidi. Tangawizi hukaa ardhini miezi mingi, na katika miezi hiyo kuna ada za shule, kuna ugonjwa, kuna msiba. Anayekuja na fedha wakati huo ndiye anayepanga bei ya mavuno.

Wenzetu wa Afrika

Suala hili si la Wamarekani peke yao. Mwaka 2007, Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa mchezo wa kompyuta uitwao The Adventures of Nyangi, wakati ambao hapakuwa na soko la maana la michezo iliyotengenezwa Afrika Mashariki. Mwaka 2009 aliungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti, wakitengeneza michezo na katuni kutokana na simulizi na mashujaa wa Afrika. Kuungana huko hakukupunguza uhuru wao. Kulikuwa ni kuunganisha nguvu, kama wakulima wanavyofanya katika ushirika. Nchini Uganda nako, kampuni ya Kola Studios ya Kampala iliuchukua mchezo wa karata wa matatu, ambao watu huucheza vijiweni, na kuuweka kwenye simu.

Mfano unaogusa zaidi ni wa Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyezaliwa familia yake ikikimbia vita na kukulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme, hivyo kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo wa kuhimiza amani aliouita Salaam. Mwaka 2017 alikwenda Marekani, ambako alianzisha kampuni yake ya Junub Games. Ukiuliza fedha ya kwanza ilikuwa ya nani, jibu ni mama, naye hakudai asilimia.

Olivier Madiba wa Kameruni alipita njia nyingine. Kampuni yake ya Kiro'o Games, iliyofungua ofisi Yaoundé mwaka 2013, iliuza hisa ndogo ndogo kwa watu binafsi. Mwaka 2015 ilichangisha zaidi ya euro 40,000 kwa wapenzi wa michezo kupitia mtandao. Mchezo wao, Aurion, ulitoka Aprili 2016. Wenye fedha walikuwa wengi na kila mmoja alitoa kidogo, na katika hali hiyo si rahisi mtu mmoja kusimama na kusema, ama ubadilishe hili ama narudisha fedha zangu.

Anayeshika mlango wa soko

Hata aliyejigharamia mwenyewe hukutana na mlango mmoja, nao ni duka. Apple ilipofungua duka lake la programu za simu mwaka 2008, ilitangaza kuchukua asilimia 30 ya kila mauzo. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, nalo lilikuwa likikata kiasi hicho hicho. Mwishoni mwa mwaka 2018 Steam ilipunguza makato, lakini kwa mchezo ambao mapato yake yamevuka dola milioni 10. Kwa maneno mengine, nafuu ilimwendea mkubwa. Mwaka 2021 Apple na Google walishusha makato hadi asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo, kwa dola milioni moja za kwanza kwa mwaka.

Aidha, duka linaweza kukufungia. Agosti 2020, kampuni ya Epic ilipoweka njia yake ya malipo ndani ya mchezo wa Fortnite, Apple na Google waliuondoa mchezo huo kwenye maduka yao. Epic ni tajiri na ilikwenda mahakamani. Kijana wa Nairobi au Same angefanya nini?

Sisi wa milimani tuna ndiva, yale mabwawa ya asili ya kukusanyia maji ya kumwagilia. Maji ya ndiva ni ya wote, yana zamu na yana kamati, na mtu akionewa anajua pa kulalamikia. Kutegemea ndiva hakumfanyi mtu mtumwa. Lakini kama bwawa lingekuwa la mtu mmoja, na funguo anayo yeye, hapo hata mwenye shamba kubwa angekuwa mpangaji. Dawa yake si kukataa maji, bali ni kuwa na mfereji zaidi ya mmoja. Ndiyo maana watengenezaji wengi wadogo huuza pia katika duka la itch.io, ambalo humruhusu muuzaji kuamua mwenyewe duka lipate asilimia ngapi, hata sifuri.

Neno la mwisho

Kipimo kikali kuliko vyote ni hiki: je, unaweza kusema basi? Februari 2014, Dong Nguyen wa Vietnam aliuondoa sokoni mchezo wake wa Flappy Bird, mchezo aliousema ulikuwa ukimwingizia takriban dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo. Alisema umaarufu ule ulikuwa umemvurugia maisha. Tunaweza kumshangaa, lakini hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Hata hivyo, kisa chake kina upande wa pili. Miaka kumi baadaye, mwaka 2024, nembo ya jina la mchezo huo huko Marekani ilihamia mikononi mwa watu wengine kwa kuwa ilihesabika kuwa imetelekezwa. Watu hao walitangaza toleo jipya, na Nguyen akasema hahusiki na hakuuza chochote. Jina lisilolindwa huokotwa.

Kwa upande mwingine, kuuza si kupoteza uhuru iwapo anayeuza ni mwenyewe. Markus Persson wa Sweden alianza kuuza mchezo wa Minecraft mwaka 2009 ukiwa bado haujakamilika, hivyo fedha ya kuukamilisha ilitoka kwa wateja. Mwaka 2014 kampuni yake ilinunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 2.5. Hakuwa na mkopeshaji wa kumpangia bei.

Maswali manne

Kutokana na mifano hii, anayetaka kujua kama anajitegemea ajiulize maswali manne. Fedha ya kwanza ilikuwa ya nani, na aliyeitoa alipewa haki gani? Kazi na jina lake ni mali ya nani kwa maandishi? Njia za kufika sokoni ni ngapi? Na mwisho, nikitaka kukataa bei au kuacha, nitaweza?

Kwa kijana anayetaka kutengeneza michezo hapa Tanzania, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na jina la biashara au nembo husajiliwa BRELA. Gharama hizo ni ndogo kuliko hasara ya kuporwa jina. Asiharakishe kuacha kibarua kinachomlisha, na asisaini mkataba ambao hajauelewa.

Kwa mkulima, lumbesa ni kosa kisheria. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia hilo. Lakini tuwe wakweli, sheria haimsaidii sana mtu aliyekwisha kula fedha ya mnunuzi. Kwake, vita hiyo imeshapiganwa siku ya kukopa.

Kabla sijaondoka Mamba nilipita kwa jirani yetu kumuaga. Alikuwa ametandaza tangawizi chini ya kivuli, anachagua vipande vizuri vyenye macho. Nikamuuliza kama anapeleka sokoni.

"Hapana, ndugu yangu," akasema. "Hii ni mbegu. Haitoshi shamba lote, inatosha robo. Lakini robo hiyo, akija mtu na gunia lake, nitamwambia alishone mdomo usawa."

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, simu mfukoni. Akainama akaanza kumsaidia kuchagua.