Mzee Akianguka, Asiachwe Kukaa Tu

Katika boma nyingi, mzee akianguka huhurumiwa kwa njia moja. "Kaa hapo nyanya, usiinuke, tutakuletea." Maji analetewa, chakula analetewa, na fimbo inawekwa mbali asije akajaribu kutoka. Baada ya miezi miwili hawezi kufika chooni peke yake, na sisi tunasema ati ni uzee. Mara nyingi si uzee. Ni kule kukaa.

Misuli isiyofanya kazi huisha haraka, na ya mzee huisha haraka zaidi. Mwaka wa 2007 watafiti wa Marekani walieleza habari ya wazee wenye afya waliokubali kulala kitandani siku 10 tu. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Sasa fikirini yule aliyekalishwa tangu Krismasi!

Lakini misuli hurudi ikipewa kazi, hata kwa mtu wa miaka 90. Mwaka wa 1990 madaktari wa Boston walitangaza kwamba wazee dhaifu wa umri huo, waliokuwa wakitunzwa katika makao, walizoezwa kuinua uzito kwa miguu wiki 8. Nguvu za wale waliomaliza ziliongezeka zaidi ya mara mbili.

Kwanza hakikisheni hakuna mfupa uliovunjika. Akishindwa kukanyaga, au mguu ukionekana mfupi kuliko mwingine na wayo umegeuka nje, msimwite mkandaji. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo aliyegonga kichwa kisha akawa na usingizi usio wa kawaida, kutapika au kuchanganyikiwa. Aliyefanyiwa upasuaji aanze mazoezi kwa maagizo ya hospitali.

Mengine yote huanza na kiti. Kiwe imara, kiegemee ukuta. Mzee asimame, kisha akae pole pole bila kujitupa, mara 8 hadi 10. Apumzike kidogo, arudie. Mwanzoni ajisaidie kwa mikono. Kiti kikiwa chini sana, wekeni blanketi iliyokunjwa juu yake. Msimvute kwapani, simameni karibu tu, maana aliyeanguka ana hofu, na hofu hiyo ndiyo inayomrudisha kitini. Halafu ashike meza nzito na kuinua visigino, asimame kwa vidole vya miguu, ashuke.

Sasa uzito. Jazeni mchanga wa nusu kilo katika soksi ndefu, mfunge kwenye kifundo cha mguu. Akiwa ameketi, anyooshe goti, ahesabu hadi tatu, ashushe taratibu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanabaki na nusu kilo mwaka mzima. Mzee akiinua mara 10 na bado anapiga hadithi, ongezeni mchanga. Ile ya kumi iwe ngumu, ila isiwe na maumivu. Huko New Zealand, mazoezi ya nyumbani ya namna hii, ya uzito miguuni na ya kusimama imara, yakifanywa mara 3 kwa wiki pamoja na kutembea, yalipunguza kuanguka kwa karibu thuluthi moja.

Mapaja kuuma kidogo siku ya pili ni kawaida. Akisikia maumivu makali, kifua kubana au kizunguzungu, aache na apelekwe kliniki. Wakati mwingine dawa za presha ndizo humletea kizunguzungu anaposimama, basi muulizeni daktari.

Na ale. Chai na mkate havijengi misuli. Maharagwe, omena, mayai na maziwa hujenga. (Watoto walio mjini, wanaotuma pesa na kuagiza mama asisumbuliwe, waelezwe pia.)

Kikundi kinaweza kuchukua dakika 15 kabla ya kuhesabu michango, wazee wakafanya pamoja. Siku nyingine mbili, jirani apite nyumbani kwa kila mmoja. Katibu aandike nyuma ya daftari nani ameinuka kitini mara ngapi, na soksi yake ina mchanga kiasi gani.